Kiti cha Katikati

Kabula alinipigia simu nikiwa uani kwangu Kambarage, mjini Shinyanga, boneti ya gari la mafunzo iko wazi na mikono yangu ina oili mpaka viwiko. Akaniambia mama yake amelazwa hospitali ya Kolandoto na kwamba ananiulizia mimi. Hakuwa akimuulizia mchungaji wala wajukuu, alikuwa akiniulizia mimi tu, mtu ambaye hata damu hatukuchangia. Nilimwambia mwanafunzi wangu, mfanyabiashara wa nguo aliyenunua gari kabla ya kujua maji yanawekwa wapi, aendelee kutafuta mwenyewe stiki ya kupimia oili, nikanawa kwa sabuni ya unga na kuondoka. Mama yake Kabula sote tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Nilimkuta kwenye kitanda cha karibu na dirisha, amekuwa mdogo kiasi kwamba shuka lilionekana limetandikwa tu bila mtu ndani. Alimtuma Kabula akamletee uji. Mlango ulipofungwa alinishika mkono na kuniambia, "Minza, wewe ndiye uliyekuwa ukitubebea maneno. Limebaki moja." Kisha akanisimulia, kwa vituo, akipumzika kila baada ya maneno machache. Kabula aliporudi na chupa ya uji alituuliza tulikuwa tunaongea nini. Nikasema tulikuwa tunakumbushana ya zamani, na huo haukuwa uongo.

Hazikupita wiki nyingi Mayu akafariki. Tulimzika kijijini kwake, nyuma ya Kolandoto, mvua ikitishia na watu wakiimba. Mimi nilisimama katikati ya waombolezaji nikiwa na neno lake kifuani, na lilikuwa zito, kwa sababu aliyelengwa alikuwa mtu aliyekufa zamani. Nimekuwa mtu mzima, nimefundisha watu wengi kuendesha, nimegombana na mafundi wa kila aina, lakini sikujua neno la marehemu linafikishwaje kwa marehemu mwingine. Ili lieleweke ni lazima nirudi kwenye mwaka mmoja tu, ule nilioishi Segese. Kabla ya mwaka huo nilikuwa msichana wa kawaida, na baada yake nilikuwa huyu niliye sasa.

Nilikwenda Segese, kwenye machimbo ya dhahabu, nikiwa na miaka ishirini kumsaidia Kabula jikoni. Nilimwita dada kwa heshima, na mume wake, Shija, nikamwita shemeji. Kabula alikuwa mama lishe. Kibanda chake cha mabati kilitazamana na makarasha ya kusagia mawe, na wachimbaji waliotoka kwenye maduara, yale mashimo yao marefu, walikuja wakiwa weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Walikula ugali na dagaa, wali na maharage, na siku ambazo mwamba ulikuwa umewakubali waliagiza kuku na kuongea kwa sauti. Siku ambazo haukuwakubali walikula kimya kimya wakaramba vidole. Nyumba tuliyolala ilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta usiofika kwenye paa, kwa hiyo kila walichosema Kabula na Shija upande wa pili nilikisikia, hata nikijifunika shuka. Walikuwa wakibishana kuhusu chumvi, kuhusu tairi, kuhusu jina la mtoto ambaye hata alikuwa hajaanza kuonekana tumboni. Nilikuwa nikicheka peke yangu gizani. Sijawahi tena kulala kwenye nyumba yenye mabishano matamu namna ile.

Uani palikuwa na pikapu ya bluu, kuukuu, mlango mmoja wa rangi nyingine. Ndiyo iliyoleta mchele, maji na kuni, na ndiyo iliyopeleka masufuria ya chakula kwenye maduara ya mbali. Shija hakuruhusu mtu aiwashe asubuhi kabla ya yeye kuizunguka, hata kama wachimbaji wanapiga kelele za njaa. Alianza kwa kuinama na kutazama chini ya gari, palipolala. Tone jeusi ni oili ya injini. Unyevunyevu upande wa ndani wa tairi ni oili ya breki, na hilo ukiliona huondoki, hata kama mgonjwa anasubiri. Kisha alivuta stiki, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha, akaivuta tena, kwa sababu ile ya kwanza huwa inadanganya. Maji ya rejeta aliyatazama injini ikiwa baridi. Kwenye mkono wake wa kulia alikuwa na kovu linalong'aa kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, la siku alipofungua mfuniko gari likiwa limechemka. Alikuwa akinionyesha lile kovu bila maneno, nami niliyaelewa maneno yake yote. Maji ya kisima cha pale yalikuwa na chumvi, yaliacha ukoko ndani ya rejeta kama yanavyouacha kwenye birika, kwa hiyo tulikinga maji ya mvua kwenye pipa na Kabula alikatazwa kuyapikia. Alilalamika kwamba gari linakunywa maji mazuri kuliko yeye.

Sikumbuki siku alipoamua kunifundisha. Nadhani ni siku alipogundua kwamba nilikuwa nimeanza kuamka mapema ili nimtazame. Alinipa kitambaa, akaniambia nibonyeze feni belti kwa kidole gumba nione kama imelegea, na tangu hapo nikawa mtu wa gari. Kwa Shija gari halikuwa mashine, lilikuwa mtu anayejisemea. Moshi wa bluu unasema ninachoma oili. Mweusi unasema mafuta yananizidi. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto unasema maji yameingia pasipo pake. Breki zikilia kama chuma kwa chuma, pedi zimekwisha, na pedali ikizama laini chini ya mguu, simama hapo hapo. Harufu tamu ni maji ya rejeta yanavuja. Harufu ya kuungua baada ya mteremko ni breki, na kwenye mlima ni klachi, na klachi hiyo inaungua kwa sababu ya mguu wako mwenyewe. "Gari halimshtukizi mtu," alikuwa akisema. "Linaanza kwa kunong'ona." Mpaka leo nikimwona dereva anasikia mlio halafu anaongeza sauti ya redio, napandwa na hasira ambazo wanafunzi wangu hawazielewi, wanadhani nina kisirani.

Jambo alilolisisitiza kuliko yote lilikuwa nati za tairi. Barabara zile za kokoto na misumari zilitupa pancha mara kwa mara, na kubadilisha tairi tulikufanya kama kuosha vyombo. Ukilifunga tairi unakaza nati kwa msalaba, hii kisha ile inayotazamana nayo, kwanza gari likiwa juu ya jeki, kisha likishuka unakaza tena uzito ukiwa umelala juu yake. Hapo watu wengi wanarudisha spana na kuondoka. Shija hakuondoka hivyo. Alisema tairi lililofungwa hapo limefungwa nusu, nusu nyingine unaimalizia ukishatembea kidogo, kwa sababu tairi likizunguka linajiweka vizuri na nati zinabaki na nafasi. Kazi yangu ilikuwa kumkumbusha. Tulitembea kidogo, nikasema, "Shemeji, kukaza," naye akasimama, tukashuka wote wawili, yeye na spana, mimi na kumtania kwamba anaogopa gari lake mwenyewe. Alikuwa akijibu kwamba anayeogopa gari ndiye anayezeeka.

Mayu alikuja kututembelea kila baada ya muda fulani. Alileta michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na nsansa, majani ya kunde makavu ambayo Kabula aliyapika kwa karanga mpaka nyumba nzima ikanukia utoto wetu. Hapo ndipo nilipopata kazi yangu ya pili. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kutengana. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaitani majina, na wenye kushika sana, kama Mayu, hawasemeshani bila mtu wa katikati. Siku hizi vijana wanapiga picha na wakwe zao wakiwa wamekumbatiana, na sisemi ni vibaya. Lakini kwa Mayu na Shija heshima ile ilikuwa ndiyo lugha waliyopendana nayo. Mayu akipika kuku, paja lilikuwa la kwanza kuwekwa pembeni. "Mpelekee baba," alikuwa akiniambia, kwa maana hilo ndilo jina pekee aliloweza kumpa mkwewe. Nami nilimpelekea Shija uani, alipokuwa akila kwa kuweka sahani juu ya boneti ya gari, mgongo ameupa jikoni.

Tulipokwenda kumchukua au kumrudisha Kolandoto, nilikaa kiti cha katikati, gia ikinigonga goti. Shija upande wangu wa kulia, Mayu mlangoni, uso ameugeuzia dirishani na khanga ameishusha kichwani. Shija aliniambia, "Muulize Mayu kama upepo unamsumbua." Mayu alikuwa amesikia, mdomo wangu ulikuwa umbali wa kiganja kutoka sikioni kwake, lakini alinisubiri niulize. Akanijibu, "Mwambie baba upepo ni mzuri." Shija alikuwa amesikia, lakini alinisubiri nimwambie. Maswali yake yote yalikuwa ya namna hiyo. Kama jua linamchoma, kama mashimo yanamuumiza mgongo, kama ana kiu. Nilikuwa nikichoka, nikaanza kufupisha, na Mayu alikuwa ananifinya paja kidogo nisipofikisha neno lote. Yeye alitaka kila neno lifike. Nikikosekana, Mayu hakukaa kebini kabisa. Alipanda nyuma, kwenye bodi, na kwa ajili hiyo Shija alichomelea kidaraja cha chuma cha kukanyagia na kumwekea mto alioutoa kwenye kiti kibovu cha basi. Hakumwambia mtu kwamba amefanya hivyo. Mayu alikikanyaga kile kidaraja mara ya kwanza, akakitazama, akaniambia, "Mwambie baba wabeja." Nikamwambia asante yake, naye Shija akaenda kujifanya anatafuta kitu kwenye injini.

Mwishoni mwa mwaka ule tumbo la Kabula lilikuwa kubwa na miguu yake imevimba. Nikamsikia ukutani akimwambia Shija kwamba anamtaka mama yake awepo. Shija akasema atamfuata mwenyewe, na kwamba njiani atanipitisha Shinyanga nikafanye mtihani wa udereva, maana nilikuwa naendesha vizuri na hakutaka niwe nawakimbia askari maisha yangu yote. Kabula akauliza nani atakaa katikati wakati wa kurudi. Shija akajibu, "Si Minza atakuwa amemaliza." Hayo ndiyo mazungumzo yao ya mwisho niliyoyasikia kupitia ukuta ule, na nimeyarudia kichwani mpaka yamechakaa.

Aliniacha Kambarage asubuhi kwa watu tuliofahamiana nao, akaendelea Kolandoto. Mtihani ukasogezwa hadi siku ya pili, kwa sababu zao walizozijua wenyewe. Shija alipopita na Mayu aliniambia nisiwe na wasiwasi, nifanye mtihani wangu, wao watangulie, Kabula hawezi kusubiri. Mayu alikuwa amekaa nyuma juu ya mto wake, vifurushi vya michembe pembeni, khanga imefunika mdomo kwa vumbi. Nilimpungia mkono. Shija alitoa kichwa dirishani akaniambia, "Kabla ya kuwasha la kwao, lizunguke kwanza." Nikalizunguka. Mkaguzi alinicheka, akaniuliza kama nanunua ng'ombe, lakini nikafaulu.

Nilisikia habari nikiwa stendi ya Kahama nasubiri usafiri wa kwenda Segese, nimejaa furaha yangu ya kijinga. Wanaume wawili waliokuwa wakinywa chai walikuwa wakiongea kuhusu pikapu iliyopinduka njia ya vumbi, karibu na kituo kidogo cha njiani, tairi la nyuma likichomoka na kukimbia lenyewe mpaka kwenye shamba la mahindi. Mmoja akasema ni ile ya bluu, ya yule bwana wa chakula. Mwingine akasema mlango mmoja wa rangi nyingine. Nilisikia maneno hayo yote na mwili wangu ukakataa kuyaelewa, nikaenda hata kuuliza nauli. Niliyaelewa nilipofika na kuona viatu vingi nje ya kibanda cha Kabula, na jiko limezimwa.

Shija alikuwa amefia pale pale. Mayu alitupwa kwenye majani, akavunjika mkono, na hicho ndicho kilichompata mwilini. Alikaa msibani amegeukia ukuta na hakufungua mdomo hata kwa mtoto wake. Watu walisema ni mshtuko, na wazee wakasema ni uchungu wa mkwe mwema. Fundi mmoja aliyekwenda kulitazama gari alirudi akasema nati hazikukazwa vizuri, kwamba walipata pancha njiani, tairi likabadilishwa, na halikukaziwa tena. Alisema hayo mbele ya Kabula bila kufikiri. Kabula alikuwa amekaa mkekani, miguu imenyooshwa, ameshika tumbo. Aliniangalia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alifundisha Segese nzima kukaza nati. Za gari lililombeba mama yangu akaziacha."

Mtoto alizaliwa siku chache baadaye, mvua ikinyesha, akaitwa Mabula. Kabula alimnyonyesha akiwa na hasira. Watu wanadhani mjane analia tu, lakini Kabula hakuwa analia, alikuwa anamgombeza marehemu. Nilimsikia kupitia ukuta akiongea na upande wa kitanda usio na mtu. Alikuwa na haraka gani, alimuuliza. Alikuwa anakimbilia wapi. Nilikaa naye mpaka mwaka ukaisha, kisha nikaondoka Segese na kwenda kutafuta maisha, na kila tulipokutana miaka yote iliyofuata, kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye misiba ya watu wengine, ulifika wakati Kabula akaniinamia na kuniuliza, "Alikuwa na haraka gani, Minza?" Nilihuzunika kwa ajili ya Shija, kwamba kilichobaki cha maisha yake yote ya uangalifu kilikuwa uzembe mmoja. Nami nilianza kuwafundisha watu kuendesha, na ukweli ni kwamba nilikuwa namtetea.

Sasa niseme alichoniambia Mayu pale dirishani. Alisema pancha ilitokea porini, hapakuwa na nyumba wala mtu. Alishuka akaenda kusimama mbali, mgongo ameupa gari kama inavyopasa, na pale aliposimama hapakuwa na kivuli. Alimsikia Shija akifanya kazi kwa haraka, akidondosha spana na kuiokota. "Alikuwa ananihurumia jua," alisema. "Sikuweza kumwambia asiharakishe, jua nimelizoea." Wakaondoka. Baada ya mwendo kidogo gari lilipunguza kasi, akadhani linasimama. Akamwona Shija kupitia kioo cha nyuma ya kebini, anageuza kichwa kulia na kushoto anatazama barabara tupu. Kisha akaongeza mwendo. Mayu alikuja kuelewa baadaye, kwa kufikiri. Shija alitaka kusimama akaze. Lakini kusimama tena porini, mtu na mama mkwe wake peke yao, bila wa katikati, mpita njia akiwakuta atasema nini? Mbele kulikuwa na kile kituo kidogo, kulikuwa na watu. Akaamua akakaze pale.

"Ndipo nikasikia mlio," Mayu alisema. "Nikachungulia pembeni. Tairi lilikuwa linacheza kama jino la mtoto. Nikaona nati inaruka, inabaki kwenye vumbi. Nikanyanyua mkono nigonge bati la kebini." Aliunyanyua ule mkono uliovunjika zamani, pale kitandani, akanionyesha. "Nikaushusha. Kugonga ni kumwita. Nilikuwa sijawahi kumwita. Na mabati ya kituo yalikuwa yameanza kuonekana, nikasema pale nitamwona mtu yeyote, hata mtoto, nimwambie amwambie." Aliulaza mkono juu ya shuka. Kisha akasema, "Nilitazama ndani ya kebini. Kiti chako kilikuwa wazi."

Nililia, sioni haya kusema. Sikulia kwa sababu ya kosa lolote, kwa maana sikuona kosa la mtu. Niliwalilia watu wawili walioheshimiana mpaka mwisho, wote wawili wakikiendea kituo kimoja kutafuta mtu wa tatu, na mabati yanaonekana. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Kabula. Alisema alijaribu, lakini kila mara aliona Kabula amempoteza mume, akimwambia atampoteza na mama. Halafu akanipa ule ujumbe. Alisema hata kaburini kwa Shija hajawahi kusema neno, amekwenda mara nyingi, amepanda maua, amefagia, lakini mkwe ni mkwe hata akiwa chini. "Nipelekee wewe, ng'wanone, mwanangu. Neno lote."

Baada ya mazishi ya Mayu nilimwambia Kabula nataka twende Segese. Hakuuliza sababu, labda alidhani nataka tu kumsalimia Shija. Mabula ndiye aliyeendesha. Ni mtu mzima sasa, ana pikapu yake, na ana kovu mkononi pia, dogo, ingawa alionywa na kila mtu. Kabula alikaa mlangoni, na mimi, kwa mazoea, nikaingia katikati. Tulipotoka Kolandoto na kutembea kidogo Mabula alisimama pembeni, akashuka na spana, akazunguka tairi zote. Hatukuwa tumepata pancha. Nikamuuliza nani amemfundisha hivyo. Alisema ni Bibi. Mjukuu na bibi kwetu ni watani, hawana mpaka wa maneno, na yeye alikuwa akimbeba Mayu mbele, akimsikia akimgombeza safari nzima. Akipumua tu anasema kaza. Kabula akatabasamu kidogo na kusema mama alizeeka na woga.

Segese imekuwa mji. Kibanda cha Kabula kimekuwa duka la simu, na pale palipokuwa na nyumba yetu mtu amejenga vyumba vya kupangisha, kuta zake zimefika juu kabisa. Kaburi la Shija liko ukingoni, limesakafiwa kwa saruji, na pembeni yake kuna maua aliyoyapanda Mayu, ambayo yanahitaji maji. Mabula alibaki kwenye gari. Kabula alianza kung'oa majani, kwa zile hasira zake za kawaida. Mimi nilisimama upande ule ambao ningesimama kama Shija angekuwa kwenye usukani na Mayu mlangoni. Nilijua nikishasema, Kabula atasikia, na nilijua pia kwamba Mayu alipomtuma mtu wa katikati siku zote alitaka kila aliyekuwepo asikie, ndivyo maneno yale yalivyofanya kazi.

Nikasema, "Shemeji, nina neno la Mayu. Anasema tairi la nyuma, la kushoto, linacheza. Anasema ameona nati ikianguka. Anasema ulifanya haraka kwa sababu yake, kwa sababu ya jua, na hukusimama tena kwa sababu ya heshima yake. Anasema usingoje kituo, simama hapa hapa."

Kabula aliacha kung'oa majani. Alibaki ameinama, mkono mmoja ardhini, na niliona mgongo wake ukitulia huku akiyapanga yale maneno moja moja, tairi, nati, jua, heshima, kituo. Hakunigeukia. Nilidhani atamlaani mama yake, au atanilaani mimi kwa kukaa na neno hilo tangu hospitalini. Badala yake aliuliza kwa sauti ndogo, ile ya upande wa pili wa ukuta, ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka ule.

"Na yeye anasemaje?"

Nilikuwa nimembebea Shija maneno mwaka mzima. Nilijua maswali yake yote, na sikuhitaji kufikiri.

"Anauliza kama Mayu hakuumia."

Kabula alikaa chini kwenye ukingo wa saruji, akaweka kiganja juu yake, akaanza kumlilia mume wake.